Mama kwa Herufi Ndogo

Wanafunzi walimwita Bi Nukta, na mwenyewe alijua. Alifundisha Kiingereza darasa la sita na la saba, na mtoto aliyemaliza sentensi bila nukta alirudishiwa daftari lenye duara jekundu kubwa kama kisahani. Walimu wenzake walimtania kwamba hata akigombana na mumewe lazima aweke nukta ndipo anyamaze. Mumewe, fundi saa asiyekuwa na haraka na lolote, alipoulizwa kama ni kweli alijibu kwamba hiyo nukta yenyewe bado hajawahi kuisikia.

Hawakujaliwa kuzaa, lakini nyumba yao haikukosa mtoto. Dada mkubwa wa Bi Nukta, yule aliyemwachia ziwa, alipata kazi ng'ambo ya kutunza wazee wasiojiweza, akamletea binti yake wa miaka mitatu. "Niwekee miaka miwili tu, mdogo wangu," alisema, akiwa bado amesimama mlangoni na mkoba begani. Miaka miwili ikazaa mingine. Mtoto alikuwa mdogo kwa umbo, mkimya, mwenye macho ya kuuliza. Fundi saa akamwita Punje, na jina likamganda.

Tangu siku ya kwanza Bi Nukta aliweka sharti moja. Mtoto asimwite mama. "Mama yako yupo," alimwambia. "Yuko mbali, lakini yupo. Mimi ni Mamdogo." Majirani walimsifu kwa uungwana huo, wakasema wengine wangejinyakulia mtoto. Hawakujua kwamba haukuwa uungwana mtupu. Bi Nukta aliogopa. Alijua kwamba akijivika jina la mama, siku dada yake atakaporudi atavuliwa mbele za watu, na aliona heri kutembea bila kanzu kuliko kuvuliwa kanzu barabarani.

Basi akalea. Alimfundisha kufunga viatu na kupiga mluzi. Alimpeleka kliniki na kumngoja kwenye benchi. Punje alipokuwa na miaka kumi na moja aliokota popo aliyevunjika bawa, akamleta nyumbani ndani ya kiboksi cha viatu, naye Bi Nukta, ambaye hata mjusi humtoa mbio, alikaa jikoni akimlisha popo yule papai bivu kwa ncha ya kijiko mpaka akaweza kuruka tena. Fundi saa alisema kwamba angejua mkewe ana moyo wa namna hiyo, naye angejivunja mkono.

Kiingereza Punje alikisoma kwenye meza ya kulia, yenye kitambaa cha plastiki cha maua yaliyofifia. Siku moja, akiandika insha, aliinua kichwa.

"Mamdogo, mbona kitabuni neno mother huku lina herufi kubwa, na huku lina ndogo?"

"Soma lililotangulia. Wameandika nini hapo penye ndogo?"

"My mother."

"Basi. Ukisema mama yangu, ni kama kusema kiti changu, sufuria yangu. Kila mtu ana wake. Hilo ni nomino ya kawaida, herufi ndogo. Lakini ukisema Mother peke yake, bila yangu wala yako, unamwita yeye kama unavyomwita mtu kwa jina lake. Hapo ni herufi kubwa."

Punje aliwaza, akitafuna kifuniko cha kalamu. "Na my aunt?"

"Ndogo."

"Hata kama huyo aunt ni wewe?"

"Hata kama ni mimi. Kanuni haina mjomba."

Mtoto alicheka, akarudi kwenye insha. Tangu siku hiyo hakukosea tena kwenye maneno hayo mawili.

Punje akakua, akaingia chuo kikuu, na kati ya masomo yote ya duniani akachagua popo. Alikuwa mwaka wa mwisho, akikaribia kumaliza tasnifu yake, dada mkubwa aliporudi moja kwa moja. Wazee aliowatunza walikuwa wamekufa mmoja mmoja, magoti yake yalimuuma, na alisema ameshiba baridi. Alikuja na masanduku manne, marashi mazito, na kicheko kilichojaza nyumba. Mtaa mzima ukampa jina kabla hajamaliza kufungua masanduku: Mama wa Ng'ambo.

"Mmefanana kama waliokatwa na mkasi mmoja," jirani mmoja aliwaambia mama na binti, huku Bi Nukta akimimina chai. "Damu haifichiki. Na kweli, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

Bi Nukta aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika kwenye kisahani.

Wivu haukumjia kwa kishindo. Ulimwingia kama maji yanavyoingia kwenye kiatu chenye tundu, kidogo kidogo, mpaka soksi nzima imelowa. Zamani, Punje akija nyumbani mwisho wa wiki, alikwenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akachovya kidole, ndipo akasalimu. Sasa alianza sebuleni, akamsalimu mama yake kwa mikono miwili, akakaa naye, akauliza magoti yameamkaje. Jikoni alifika baadaye, sufuria imeshafunuliwa. Ilikuwa adabu, na Bi Nukta mwenyewe ndiye aliyemfunza adabu, kwa hiyo hakuwa na pa kulalamikia.

Jumamosi moja alipita sebuleni na sinia la vikombe, akamkuta dada yake kwenye kochi, Punje ameketi chini katikati ya magoti yake, anachanwa nywele. Mkono wa dada ulikuwa mzito. Alivuta kitana kama anang'oa magugu, na Punje alikunja uso lakini hakusema kitu. Bi Nukta alisimama. Vidole vyake vyenyewe vilijua kila pembe ya kichwa kile, mahali penye kovu, mahali ambapo nywele huota kinyume. Akatamani kusema, shikilia kwanza kwenye shina ndipo uchane. Hakusema. Aliingia jikoni akaosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

"Leo umenuna," mumewe alimwambia.

"Sijanuna."

"Basi uso wako haujapata habari."

Wiki chache baadaye Punje alileta tasnifu. Ilikuwa bunda la karatasi lililofungwa kwa mpira, na ilibaki miezi miwili kuiwasilisha. Yeye alikuwa anaondoka na msimamizi wake kwenda kwenye mapango kumsaidia kuhesabu popo wa utafiti mwingine.

"Mamdogo, naomba uipitie Kiingereza chake, hasa herufi kubwa, maana hapo najua nimechanganya. Ukimaliza mpelekee mpiga chapa moja kwa moja, aingize masahihisho, achape na kuijalidi. Mimi sina haja ya kuiona tena. Ukishapitisha wewe, imepita."

Maneno hayo ya mwisho yalimkaa Bi Nukta moyoni kama sukari. Alifunga mlango wa chumba, akachukua kalamu nyekundu, akaanza. Ilikuwa muda mrefu tangu awe na furaha ya namna hiyo. Punje alikuwa amewapa popo wake wote herufi kubwa, kila aliyetajwa, kama mawaziri. Bi Nukta akawavua vyeo mmoja mmoja, akiwaachia herufi kubwa wale tu ambao jina lao lilibeba jina la mtu aliyewagundua au la mahali walipopatikana. Mto ukitajwa pamoja na jina lake ulipata herufi kubwa, ukitajwa mto tu ulibaki mto. Profesa aliyefuatwa na jina lake alibaki na heshima yake, na profesa asiye na jina, yeyote tu, akashushwa. Chuo kikuu, idara, msitu, pango: kila kimoja alikiuliza, wewe ni jina la kitu kimoja tu, au ni jina la kila kitu cha aina yako? Alifanya kazi hiyo akitabasamu, na kando ya ukurasa mmoja akaandika: Popo si mheshimiwa.

Ukurasa wa shukrani aliuacha wa mwisho.

Ulikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilianza na neno Mother, peke yake, M kubwa imesimama pale kama mlango wa mbele wa nyumba. Mother alivuka bahari ili binti yake asome, ilisema. Mother alikula baridi ili yeye avae. Kila ukurasa wa kazi hii una jasho la Mother. Mara tatu, na mara zote tatu herufi kubwa, mahali pake hasa.

Aya ya pili ilikuwa sentensi moja. Ilimshukuru msimamizi, ikawashukuru rafiki wawili walioshika nyavu, na mwisho kabisa, baada ya mkato, ikamshukuru my aunt kwa kusahihisha Kiingereza.

Bi Nukta alisoma tena. Akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna kitu. Nyuma palikuwa peupe.

Alikaa na kalamu mkononi. Kliniki haikuwepo. Viatu havikuwepo, wala ile homa ya wiki nzima alipolala sakafuni kando ya kitanda cha mtoto. Aliyelisha popo kwa kijiko hakutajwa katika kitabu kizima cha popo. Akatafuta kosa, maana angepata kosa angepata pa kuweka mkono. Hakuna. My aunt ilikuwa na herufi ndogo, kama inavyotakiwa. Mother ilikuwa na kubwa, kama inavyotakiwa. Kanuni aliyoifundisha yeye mwenyewe, kwenye meza yake mwenyewe, ilikuwa imehamia upande wa dada yake.

Walimu wana alama ya kushusha herufi: mstari mmoja wa mshazari juu yake. Bi Nukta alijiambia kwamba maandishi ya kitaaluma hayataki mbwembwe. Alijiambia kwamba zama hizi watu wanapunguza herufi kubwa. Alijiambia mengi, na hakuna hata moja aliloliamini. Kisha akapiga mshazari juu ya M ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilipigwa kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

Kesho yake, akitoka shuleni, alipitia kwa mpiga chapa, duka jembamba linalonuka gundi na wino, lenye mashine ya kukatia karatasi iliyokaa kama fisi mlangoni. Akamkabidhi bunda, akaondoka haraka.

Nakala zilitoka zikiwa na jalada gumu la buluu na maandishi ya dhahabu. Punje alirudi kutoka mapangoni Jumapili mchana, mchafu, amefurahi, na nyumba ikajaa majirani. Alipewa kiti cha katikati. Kabla hata hajanawa vizuri, mama yake alikuwa ameshachukua nakala ya juu.

"Hapa kuna ukurasa unanihusu," Mama wa Ng'ambo alisema, akivaa miwani. "Nitawasomea, halafu niwatafsirie."

Bi Nukta alisimama karibu na mlango wa jikoni. Dada yake alisoma kwa sauti iliyokuwa tayari inatetemeka. Alipofika neno mother la pili alisita, akasogeza miwani, kisha akaendelea mpaka mwisho. Akatafsiri. Watu wakapiga makofi, jirani mmoja akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Na Bi Nukta akagundua jambo ambalo, kwa miaka yote ya kufundisha, hakuwa amelitazama: herufi kubwa haisikiki. Mdomoni, mama wa herufi kubwa na mama wa herufi ndogo ni yule yule. Alichokiiba hakikuwa kimempunguzia dada yake hata kofi moja. Yeye mwenyewe hakuwa amepata kitu, ila moyo uliozidi kumchoma, na sasa ukiwa na hofu juu yake.

Asubuhi Punje alimfuata jikoni na kitabu mkononi.

"Mamdogo, hebu angalia hapa. Mother imesimama peke yake, lakini wameipa herufi ndogo. Zote tatu."

Bi Nukta alikuwa anakatakata kitunguu. "Vijana wa mpiga chapa hao," alisema bila kuinua macho. "Hawasomi, wanagonga tu."

"Nitakwenda kumwambia. Nakala mbili ni za maktaba, haziwezi kwenda hivi."

Angeweza kumzuia. Alikuwa na muda wote ambao Punje alitumia kuvaa viatu na kutafuta mwavuli. Alikata kitunguu kile mpaka kikawa uji.

Punje aliporudi hakupiga kelele. Aliweka karatasi moja mezani, juu ya maua yaliyofifia. Mishazari mitatu myekundu, na tundu kwenye ule wa tatu.

"Ingekuwa moja, ningesema mkono umeteleza," alisema. "Tatu, Mamdogo?"

Bi Nukta alilitazama lile tundu.

"Na mzee wa watu nimemfokea mbele ya wateja wake. Akaniletea hii. Hakusema neno, kaniwekea tu mkononi." Punje alivuta kiti lakini hakukaa. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Hapa hapa."

"Na wewe umeniandikaje?" Lilimtoka kabla hajalishika. "Msahihishaji. Nimekulea tangu hujui kujifuta kamasi, leo mimi ni msahihishaji wa Kiingereza. Baada ya washika nyavu."

Punje alishika mgongo wa kiti. "Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima juu yako," alisema taratibu. "Nikaufuta."

"Kwa nini?"

"Siku ile niliyoandika, Mama alikuwa amekaa kando yangu. Akaniuliza, na mimi utaniandika? Aliuliza kama mtu anayeomba maji. Nikaanza kumwandikia, nikakosa la kusema. Simjui, Mamdogo. Najua sauti yake ya simu. Ikabidi nitunge, bahari, baridi, jasho. Nikasoma lake, nikasoma lako lililokuwa chini yake. Lake lilionekana kama salamu za kwenye kadi. Nikamwonea huruma, nikafuta lako. Nikasema wewe hutahitaji kuambiwa."

Hayo ndiyo maneno ambayo Bi Nukta alikuwa na njaa nayo tangu masanduku manne yaingie mlangoni. Alijaribu kuyafurahia, akashindwa. Yalikuwa yamekuja yamefungwa ndani ya aibu, na hayafunguki.

"Lakini hilo halikupi ruhusa," Punje akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imebadilika. "Kazi ni yangu. Jina lililo kwenye jalada ni langu. Nilikuamini nikakwambia sina haja ya kuiona tena. Na nilipokuuliza ukamsingizia mtu mwingine."

Akaondoka, nakala akaziacha mezani. Jioni ile alituma salamu kwa baba yake mdogo kwamba atakaa kwa rafiki yake, karibu na chuo. Jumamosi haikumleta, wala iliyofuata. Fundi saa, aliyekuwa ameambiwa yote, hakumlaumu mkewe na hakumtetea. Alisema tu, "Saa ikianguka haitengenezwi kwa kuitazama," akarudi kwenye kioo chake cha kukuzia.

Siku moja ndugu hawa wawili walikuwa uani wakianika nguo. Magoti ya Mama wa Ng'ambo hayakumruhusu kuinama, kwa hiyo Bi Nukta alitoa nguo kwenye beseni na kumpa, naye akazitundika.

"Punje kapotelea wapi?" dada aliuliza.

"Ana shughuli."

"Shughuli." Alibana shati kwa kibanio. "Mdogo wangu, mimi nimewasomea vikongwe magazeti na barua zao za Kiingereza mpaka macho yangu yakachoka. Unadhani siioni herufi ndogo?"

Bi Nukta alibaki ameshika shuka linalochuruzika maji. "Uliona lini?"

"Siku ile ile. Ya kwanza ilinipita. Ya pili nikaiona."

"Na ukaendelea kusoma."

"Ningefanyaje? Niwaambie wageni samahani, nimeibiwa M?"

Kicheko kilimponyoka Bi Nukta, kikafa njiani. Dada yake hakucheka.

"Nilikasirika," alisema. "Nilikuwa na kitabu kizito mkononi na wewe ulikuwa pale mlangoni. Shukuru Mungu kulikuwa na watu. Halafu baadaye nikakaa chumbani, nikasema, huyu anataka nini tena? Kila kitu anacho. Nikimchana nywele yule mtoto, ananivumilia kama mgonjwa anavyomvumilia nesi. Najua namuumiza. Hasemi. Wewe ukimvuta unywele mmoja, anapiga kelele jirani wasikie. Unajua ninavyozionea wivu kelele zile?"

Maji ya shuka yalikuwa yanamwagikia Bi Nukta miguuni. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba duniani yupo mtu anayeweza kumwonea wivu yeye.

"Mimi nilipewa herufi, wewe ukapewa mtoto," dada yake akasema. "Na hata hiyo herufi ukaja kuichukua. Lete hilo shuka, linakauka mikononi mwako."

Hawakukumbatiana. Walimaliza beseni, kisha Bi Nukta akabadili nguo, akaenda kwa mpiga chapa. Alimwomba radhi mbele ya wateja, kama alivyofokewa mbele ya wateja, na mzee akaitikia kwa kusafisha miwani yake muda mrefu. Ukurasa ukachapwa upya, nakala zikafumuliwa na kujalidiwa tena.

Alizipeleka mwenyewe kwa rafiki yake Punje, ghorofa ya tatu, amezikumbatia kama kuku. Punje alifungua mlango, akapokea, akatafuta ukurasa akiwa amesimama. M zote tatu zilikuwa zimerudi. Sentensi ya aya ya pili ilikuwa vilevile, neno kwa neno.

"Ungeweza kuongeza lako," alisema.

"Jina la kwenye jalada ni lako."

Punje alifunga kitabu. "Bado nina hasira, Mamdogo."

"Najua."

"Lakini ingia. Umepanda ngazi."

Jumamosi iliyofuata alikuja nyumbani. Alianza sebuleni, akamsalimu mama yake, akaja jikoni. Hakufunua sufuria. Wiki iliyofuata aliifunua.

Kazi ilipatikana upesi, katika kituo cha utafiti karibu na mapango yale yale, safari ya siku nzima kwa basi. Punje alipaswa kuhamia huko, kupanga chumba, kununua godoro. Wanawake wote watatu walikuwa mezani pamoja na fundi saa Punje alipolitoa neno lake.

"Nimemwomba Mama anisindikize," alisema, akimtazama Bi Nukta, si mama yake. "Hajawahi kunipeleka popote. Hata shule."

Lilimchoma Bi Nukta. Lilimchoma mahali pale pale, kama mtu anayekanyaga mwiba kwa mguu uliokwisha kupona. Siku ya kwanza ya darasa la kwanza alimpeleka yeye, na ya sekondari, na ya chuo. Alikuwa ameshawaza safari hii, hata gauni la kuvaa alikuwa ameshalinyoosha.

"Vizuri," alisema. "Ni haki."

Siku ya safari aliamka kabla ya watu kuamka, akafunga mzigo wa Punje. Kituoni, wakati Punje akisimamia mabegi yake yakipakiwa, alimvuta dada yake kando.

"Mkalishe upande wa mbele, nyuma anatapika. Akianza kukaa kimya ghafla, mpe tangawizi, usimuulize kitu. Godoro asichague yeye, atachukua laini halafu mgongo umuume. Mwenye nyumba akipandisha sauti, Punje atakubali lolote, kwa hiyo zungumza wewe. Na nywele, shika kwanza kwenye shina, ndipo uchane."

"Kwenye shina," dada yake alirudia, kama mwanafunzi. "Lipi jingine?"

Bi Nukta alimtazama. Lilikuwepo jingine. Punje, tangu utotoni, akiwa na wasiwasi au akifika mahali pageni, hapati usingizi mpaka asikie mtu akiosha vyombo chumba cha pili. Vikiwa vichafu au visafi, haidhuru, mradi maji yamwagike na sahani zigongane. Hakuna aliyelijua hilo, hata fundi saa, ambaye kwa miaka alidhani mkewe ana wazimu wa usafi.

"Hakuna jingine," alisema.

Basi likawasha injini. Mama wa Ng'ambo alipanda kwanza, akisaidiwa na binti yake, wakaketi mbele, dirishani, nyuso mbili zilizokatwa na mkasi mmoja. Punje akapunga mkono. Bi Nukta naye akapunga, mpaka basi lilipokata kona, na alipokuwa akirudi nyumbani kwa miguu alihesabu kichwani ni saa ngapi hivi msichana yule atakuwa amelala chali kwenye godoro jipya, macho wazi, akisikiliza.